Ripoti ya Ziara ya Tatu

Nilipokubaliwa kusoma kozi ya cheti ya Biblia na theolojia mjini Garsen, aliyefurahi kuliko wote hakuwa mume wangu wala mchungaji wetu. Alikuwa mdogo wangu. Alipiga vigelegele palepale uani, mikono imejaa unga, kuku wakatawanyika, majirani wakachungulia wakidhani imeletwa posa. Nalitaja hili mapema kwa sababu yeye ndiye niliyempoteza katika kozi hiyo, na wala hajafa. Paa la nyumba yake naliona nikiwa jikoni kwangu.

Wakati huo nilikuwa nimehubiri miaka mingi bila karatasi yoyote. Kijiji chetu kiko kando ya mto, upande wa Ngao, na kanisa letu ni la zamani. Wazee wetu walibatizwa enzi za wamishonari na hawakupi nafasi ya kusahau. Nilianzia kwenye kwaya, nikahamia ushirika wa akina mama, na kila mchungaji aliposhindwa kufika kwa sababu ya barabara, nilisukumwa mbele. Kisha likaja agizo kwamba yeyote anayesimama mimbarini lazima awe na cheti. Wanaume wawili waliokuwa wakihubiri pamoja nami waliona wamedharauliwa, wakasusa. Nikabaki mimi, mama wa miaka arobaini na minne aliyeishia darasa la nane.

"Wewe nenda ukasome, dada," mdogo wangu aliniambia. "Shamba niachie."

Kati yetu tunaongea Kipokomo, kwa hiyo kila neno lake ninaloliandika hapa nimelivusha mimi hadi kwenye Kiswahili. Likikosewa, ni juu yangu.

Masomo yalikuwa Jumanne hadi Alhamisi kwa muda wa miezi tisa. Siku hizo nililala Garsen kwa wifi yangu. Mdogo wangu alimaliza kazi za shamba lake, kisha akaingia langu, akapalilia mpunga wangu na kukata magugu kwenye migomba yangu, hakuniambia hata siku moja kwamba amechoka. Alikuwa na binti mmoja, wa miaka tisa. Kwetu mtoto wa mdogo wako ni mtoto wako, na aliniita mama mkubwa. Ijumaa nikirudi mtoto huyo alikuja kunisikiliza nikikariri vitabu vya Agano la Kale kwa mpangilio. Alishika Biblia, mimi nikakariri, na nilipofika kwa manabii wadogo nikaanza kubabaika alicheka hadi akakaa chini. Yeye alikuwa ameshavijua vyote kabla yangu.

Darasa lilikuwa ukumbi wa kanisa nyuma ya barabara kuu, karibu na pale mabasi ya Lamu na Malindi yanaposimama na wauza maembe kuyakimbilia madirishani. Ulikuwa wa mabati, bila dari. Kufikia saa tano asubuhi joto lilikuwa limeshammaliza kila mtu akili, lakini mwalimu wetu, mchungaji mstaafu aliyevaa koti hata katika hali ile, aliendelea kuwaandika ubaoni wafalme wa Israeli, huyu alifanya mema, huyu alifanya maovu. Wanafunzi tulikuwa kumi na kitu: wakulima, mlinzi wa shule, walimu wa chekechea, na mama mmoja wa Golbanti aliyekaa karibu nami na kuniazima kalamu kila yangu ilipogoma. Mama huyo alikuwa na moyo safi. Naomba hilo likumbukwe.

Nilipenda kusoma. Ningeweza kujifanya nilisukumwa tu, lakini ukweli ni kwamba nilipenda mno. Nilipenda kujua kwamba jambo lina jina lake. Katika somo la mafundisho ya imani nilijifunza kwamba mapenzi ya Mungu yana namna mbili: yapo anayoyaamuru, na yapo anayoyaruhusu tu bila kuyafurahia. Niliandika hayo kwa wino mwekundu na kuyapigia mstari mara mbili. Maswali niliyokuwa nayo tangu mama yetu afe yalionekana yamepata kabati la kuwekwa. Nikavimba kichwa. Nikaanza kusahihisha watu nyumbani, kwenye ibada, hata kwenye foleni ya kusaga mahindi. Mume wangu alisema, "Siku hizi ukiombea chakula kinapoa." Nilimnunia siku mbili.

Mafuriko ya mwaka ule yalikuja mara mbili. Ya kwanza yalichukua mahindi. Ya pili yaliijaza pampu ya kijiji matope ikafa kabisa, na yakaubeba uzio wa mtoni. Uzio huo ndio unaotutenga na mamba. Wanaume hukata matawi ya miiba, wakayachomeka ndani ya maji hadi kina cha kiuno, wakayafunga kwa kamba, na wanawake na watoto huchotea humo ndani. Kila baada ya mafuriko hujengwa upya. Safari ile wanaume walikuwa bado wanabishana ni zamu ya upande gani wa kijiji, na mume wangu alikuwa mmoja wa wabishi. Maji yalikuwa yameshapungua wiki nzima.

Ilikuwa Jumatano. Mdogo wangu alikuwa shambani kwangu. Narudia, kwangu, si kwake. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo alikuwa na binti yake. Jua lilipokuwa kali maji ya kunywa yaliisha, akampa mtungi mdogo wa lita tano akateke mtoni. Si mbali. Ukisimama kwenye migomba yangu unauona mto. Alimwona binti yake akiinama, akageukia jembe, na alipoinua uso aliona mtungi peke yake ukielea.

Mimi nilikuwa ukumbini na wafalme wa Israeli. Sheria ya darasa ilikuwa simu zizimwe. Nilipoiwasha saa saba, tulipotoka kwenda kula, ilitetemeka mkononi bila kupumzika. Nilimpigia mume wangu. Aliniita kwa jina langu la utotoni, jambo ambalo halifanyi, kisha akaniambia.

Walimpata siku ya pili, chini kwenye kona ya mto. Walichokipata sitakieleza. Kilifungwa kwenye shuka, na wazee hawakumruhusu mama yake kufungua.

Hakuna aliyenilaumu. Nilingoja lawama kama mtu anayengoja mvua, nikitamani hata ianze. Hakuna aliyesema kwamba mtoto alikuwa pale kwa sababu mama yake alikuwa pale, na mama yake alikuwa pale kwa sababu mimi sikuwa pale. Siku tatu za kwanza za matanga nilikaa mkekani kando ya mdogo wangu, nikamshika mkono, nikanyamaza. Mama mmoja wa Kiorma anayetuuzia maziwa alikuja kila asubuhi, akatua chombo chake, akakaa nasi, akalia kidogo, akaondoka. Kiswahili chake ni cha kuuzia maziwa tu, hakikumpa la kusema. Sasa namwonea wivu mama yule.

Siku ya nne, mchana, wageni wamepungua, mdogo wangu alinigeukia. Sauti ilikuwa imemkauka.

"Dada," akasema, "wewe umesoma. Mungu alikuwa wapi?"

Leo nadhani alitaka niseme sijui, kisha nilie naye. Lakini aliponiambia nimesoma, kitu kikanyanyuka ndani yangu. Hata katika majonzi yale, kikanyanyuka. Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nimelipigia mstari mara mbili.

"Mungu hakumuua," nilisema. "Mungu aliruhusu."

Akaniangalia. "Aliruhusu."

"Mapenzi ya Mungu yako ya namna mbili. Kuna anayoamuru na kuna anayoruhusu. Hili hakuliamuru, mdogo wangu."

"Kwa hiyo mamba aliomba ruhusa, akapewa?"

Wanawake waliokuwa wakimenya mihogo upande wa pili wa mkeka waliacha visu. Mtu mwenye akili angenyamaza hapo. Mimi nilimfungulia Ayubu. Nilimweleza jinsi shetani alivyokwenda kuomba ruhusa na kupewa kwa mipaka, jinsi Ayubu alivyopoteza mali na watoto asimkufuru Mungu. Nilieleza vizuri, kwa utaratibu, kama tulivyofundishwa. Na tulikuwa tumefundishwa pia, na mwalimu aliyekuwa amevaa koti lake, kwamba marafiki wa Ayubu walifanya jambo jema siku saba walizokaa naye kimya, na kwamba waliharibu walipofungua midomo. Nilikuwa nimeliandika hilo kwenye daftari lilelile. Halikunijia hata kidogo.

"Ayubu alikuwa na mabinti?" aliuliza.

"Watatu."

"Walikufa?"

"Walikufa. Lakini mwishoni Mungu alimpa tena watatu."

"Walewale?"

"Hapana. Wengine."

"Wengine," akasema. Akavuta leso yake akajifunika uso, akalala ubavu akitazama ukuta.

Hakuniacha kwa sababu ya siku ile, na hilo ndilo linalonitafuna. Angekuwa ameniacha siku ile ningejitetea kwamba msiba ulimchanganya. Wiki mbili baada ya matanga alinitumia kambale wa kukaushwa, amefungwa kwenye jani la mgomba kama kawaida yake. Nilipokwenda kumshukuru aliniwekea kigoda. Hatukuzungumza sana, alisuka ukili, nikamshikia upande mmoja. Nilirudi nyumbani nikasema kimoyomoyo kwamba tutapona. Ilikuwa bado inawezekana.

Kozi ilitudai kila mmoja afanye ziara tatu za kichungaji kwa watu wenye shida, na kila ziara aiandikie ripoti kwenye fomu. Bila ripoti tatu hakuna cheti. Fomu ilikuwa ya ukurasa mmoja na nusu, imepigwa nakala hadi herufi zimefifia. Ilikataza majina. Anayetembelewa aitwe mhusika, ndivyo ilivyoagizwa, ili siri zake zilindwe. Kulikuwa na nafasi ya kueleza hali ya mhusika, neno la Mungu lililotolewa, na chini kabisa swali: Mhusika alilipokeaje neno?

Nilikuwa na ripoti mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mzee mwenye miguu iliyovimba, ya pili ya maharusi waliogombana kabla ya mwezi kuisha. Ya tatu nilikusudia kuifanya kwa bibi mmoja kipofu, lakini mvua ikaja, udongo mweusi ukashika barabara, bodaboda zikakataa. Siku ya mwisho ya kukabidhi ilikuwa Alhamisi. Jumanne alasiri nilikaa barazani kwa wifi yangu pale Garsen na fomu tupu mapajani. Nilijiambia kwamba ziara niliyoifanya kwa mdogo wangu nayo ilikuwa ziara. Nilikuwa nimekwenda, alikuwa na shida, nilitoa neno. Kitu gani kimepungua?

Nikaandika. Hali ya mhusika: mama aliyefiwa na mtoto wa kike, umri miaka tisa, kwa ajali ya mtoni. Neno lililotolewa: mateso ya mwenye haki na mapenzi ya Mungu ya kuruhusu. Kalamu ilikwenda yenyewe. Ilipofika kwenye swali la mwisho ikasimama, nikaitazama barabara, mbuzi walikuwa wakila maganda ya matikiti. Kisha nikaandika kwamba mhusika alilia, akatulia, akalipokea neno kwa shukrani, na akakiri kwamba Mungu ana makusudi.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilidanganya. Nilitaka cheti, ndiyo, sitajitakasa. Lakini haikuwa cheti tu. Nilipoandika yale maneno nilimwona mdogo wangu akiyasema. Nilimwona ametulia. Kwa dakika chache, pale barazani, mambo yalikuwa yamekwenda hivyo: nilikuwa nimemsaidia, na masomo yangu yalikuwa yamefaa kitu. Nilijisikia vizuri kuliko siku yoyote tangu msiba. Hiyo ndiyo sehemu ninayoionea aibu zaidi.

Wiki iliyofuata mwalimu aliisoma ripoti yangu mbele ya darasa kama mfano wa ziara iliyoandikwa vizuri. Hakutaja mwandishi, lakini nani hakujua? Wote walikuwa wamechanga rambirambi, wengine walikuja mazishini. Alipomaliza walisema amina. Mama wa Golbanti alifuta machozi kwa pindo la kanga akanifinya bega. Na mimi nikasema amina.

Jumamosi hiyo mama wa Golbanti, kwa moyo wake safi, alipanda bodaboda hadi kijijini kwetu na kilo mbili za sukari na pakiti ya majani ya chai. Mimi nilikuwa kwa jirani, sikumwona. Alikwenda moja kwa moja kwa mdogo wangu kumpongeza. Alimwambia kwamba ushuhuda wake umesomwa Garsen, kwamba darasa zima limetiwa nguvu na mama aliyempoteza mtoto namna ile na bado akashukuru. Akamwombea, akanywa chai, akaondoka amefurahi. Hadi leo hajui alichokifanya, na sina nia ya kumwambia.

Saa tisa shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, alifika kwangu na jembe begani. Ni mtu mpole, maneno yake machache.

"Shemeji, unaitwa kule. Amesema uje na ile karatasi."

"Karatasi gani?"

"Sijui. Amesema wewe unajua." Akashika njia ya shambani.

Nilikuwa nimeirudisha nyumbani pamoja na alama zake, ndani ya daftari. Niliichukua. Njiani nilitunga maelezo matatu tofauti, na nilipofika mlangoni yote yalikuwa yamenitoka. Mdogo wangu alikuwa amekaa kitandani, mikono mapajani. Sukari ilikuwa juu ya meza, haijafunguliwa. Yeye hajui kusoma vizuri. Shule ilimwishia mapema ili mimi niendelee.

"Soma," akasema.

Nikasoma. Sauti yangu ilikuwa ya mtu mwingine. Nilipofika mwisho aliuliza.

"Mhusika ni nani?"

"Ni wewe."

"Mimi nilishukuru?"

"Hapana."

"Ulijua sikushukuru?"

"Nilijua."

Akatikisa kichwa polepole, hakuwa na hasira ambayo ningeweza kuikimbia. "Na huyo mtoto wa kike, miaka tisa. Hana jina?"

"Fomu inakataza majina," nilisema. "Ni kwa ajili ya kumlinda mtu."

"Kumlinda," akasema. "Sasa ndiyo mnamlinda."

Nilipiga magoti. Nilimwambia nitaichana, nitakwenda Garsen Jumanne niseme mbele ya wote kwamba nilidanganya. Nilimwambia cheti si kitu. Aliniangalia kwa muda, na nadhani alikuwa akipima kama nitafanya hivyo kweli, naye ananijua, tumetoka tumbo moja.

"Usichane," akasema. "Usije ukakosa cheti. Mtoto wangu ameshatumika." Kisha akasema lile ninaloishi nalo. "Lakini jina lake usilitaje tena. Si kanisani, si kwenye maombi yako, si kwa watoto wako. Umemwandika bila jina, basi kwako abaki hivyo. Na jembe lako liko nyuma ya nyumba, lichukue."

Nililichukua. Sikujua la kufanya zaidi, nikalichukua jembe nikaenda nyumbani.

Wiki ile nilifungua kitabu cha Ayubu peke yangu, bila daftari. Nilitafuta mahali fulani hadi nikapaona. Wale mabinti watatu wa mwisho, waliokuja baadaye, wametajwa mmoja mmoja kwa majina yao, na uzuri wao umesifiwa. Wale wa kwanza, waliokufa nyumba ilipowaangukia, hakuna aliyeandika majina yao. Miezi tisa ya masomo na mtihani juu yake, na sikuwa nimeliona hilo. Nilikifunga na sijakifungua tena.

Jumanne nilikwenda Garsen. Nilikuwa nimepiga moyo konde kusema kweli. Nilingoja mwalimu amalize sala, kisha nikangoja amalize somo, kisha nikangoja kesho. Mdogo wangu alikuwa amenipima sawasawa. Mahafali yalifanyika mwishoni mwa muhula, tukavalishwa majoho ya kuazima yaliyonuka nondo, akina mama wa kanisani kwetu wakaja na bodaboda wakaimba na kunivisha taji la karatasi za kumetameta. Nilimtafuta mdogo wangu kwa macho katika umati, ingawa nilijua hayupo. Mume wangu alinipigia vigelegele yeye mwenyewe, mwanamume mzima, watu wakacheka, na nilimpenda kwa hilo na nikatamani ardhi inimeze.

Tangu siku ile mdogo wangu haingii kanisani. Tukikutana njiani ananipisha kama unavyompisha mgeni mwenye mzigo. Wanaojua kwamba tumekosana wanadhani ni mambo ya shamba. Shemeji bado huja ibadani, peke yake, hukaa benchi la tatu. Mimi huhubiri kila Jumapili ya pili na ya nne. Watu wanasema ninahubiri vizuri. Ninasema maneno na maneno yanatoka, sauti inapanda panapostahili kupanda, na ndani yangu hakuna kitu. Zamani nilidhani kupoteza imani ni kuanza kumkana Mungu. Mimi simkani. Ninamwogopa, kwa sababu nilisema kwamba aliruhusu, na sasa siwezi kulifuta, nami nalala kila siku karibu na mto wenye mamba aliyempa ruhusa.

Nimejaribu kumwombea mtoto. Naanza vizuri, nafika mahali pa jina, nasimama. Siwezi kusema jina kwa sababu nimekatazwa, na anayenikataza ana haki. Nasema, Bwana, yule binti wa mdogo wangu. Nasikia ninavyosema. Ni lugha ya fomu. Mara nyingi naacha hapo nakwenda kuwasha moto.

Kanisani kwetu kuna Jumapili moja kila mwaka ya kuwakumbuka waliotutangulia. Majina ya waliofariki mwaka huo husomwa mbele, taratibu, na jina linaposomwa jamaa zake husimama mahali walipokaa, hubaki wamesimama hadi orodha iishe, kisha mhubiri huomba. Ni jambo dogo lakini watu hulingoja. Wapo wanaotoka mbali kama Madogo kuja kusimama tu. Mwaka ule zamu iliangukia Jumapili yangu. Katibu aliniletea orodha Jumamosi mchana, ameiandika kwa mkono, na jina la mtoto lilikuwa la sita, herufi nzuri za duara, jina lake lote na la baba yake.

Ningeweza kumwomba katibu asome. Nililifikiria hilo siku nzima. Lakini angeuliza kwa nini, na kijiji kizima kingeuliza kwa nini, na ningelazimika kueleza habari ya fomu. Nikajiambia Mungu atafungua njia. Nimekuwa nikijiambia hivyo tangu nianze kusoma.

Jumapili kanisa lilijaa. Niliyasoma majina. La kwanza, familia ikasimama. La pili. La tatu, bibi kizee akainuliwa na wajukuu. La nne, la tano. Shemeji alikuwa benchi la tatu, amevaa shati lake jeupe la harusi, mikono kwenye magoti, tayari kuinuka. Niliona jina mbele ya macho yangu. Nilisikia sauti ya mdogo wangu. Nikasoma la saba.

Wakasimama wa la saba, na wa la nane, na wa mwisho. Nikakunja karatasi. Nilijua ninachokifanya na sikuweza kufanya kingine, na nadhani kama angekaa kimya ningepita salama kama nilivyozoea kupita. Lakini shemeji aliinuka polepole kutoka benchi lake, jamaa zake wote wamekaa, yeye peke yake. Alinitazama kama mtu anayedhani amekosea yeye, pengine hakusikia vizuri.

"Shemeji," aliniita, "na wetu?"

Watu wakageuka kumtazama, kisha wakanigeukia. Nilikuwa na cheti chenye muhuri. Nilikuwa na karatasi mkononi yenye jina la binti yake.

"Tusimame tuombe," nikasema. Kanisa zima likasimama, na shemeji alikuwa amesimama tayari.